Mwalimu Naye Hufundishwa: Juu ya Mafunzo Kazini na Jumuiya za Kujifunza za Walimu

Utangulizi

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 18, kinatupa habari za mwalimu mmoja aliyeitwa Apolo, mzaliwa wa Iskanderia. Alikuwa msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, tena mwenye juhudi kubwa. Lakini katika habari za ubatizo elimu yake ilikuwa imeishia kwa Yohana. Priskila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walimsikia akifundisha katika sinagogi la Efeso. Hawakusimama katikati ya watu kumsahihisha, wala hatusomi kwamba walimshtaki kwa mkubwa wake. Walimkaribisha kwao na kumfafanulia vizuri zaidi yale aliyokwisha kuanza kuyajua. Baadaye ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, naye akaenda Akaya, akawa msaada mkubwa huko.

Mahubiri mengi tuliyoyasikia juu ya fungu hili huishia kwenye unyenyekevu wa Apolo. Nasi tumelihubiri hivyo mara nyingi. Lakini mtu akiliangalia kwa macho ya mwalimu, ataona utaratibu kamili ndani yake. Wale mafundi walimsikiliza kwanza akiwa kazini, hawakutegemea sifa zake wala cheti chake. Walisema naye faraghani. Walianzia pale alipokuwa amefika, hawakumrudisha mwanzo kana kwamba hajui kitu. Na walipomaliza, kazi ilibaki kuwa yake.

Makala haya yanahusu utaratibu huo katika shule zetu za leo, yaani jinsi mwalimu aliyekwisha kuhitimu anavyoendelea kukua katika kazi yake kwa mafunzo na kwa kujifunza pamoja na walimu wenzake. Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini wachungaji na wanafunzi wa theolojia. Jibu letu ni kwamba wengi wao watakaa katika bodi za shule za Kanisa, wengine wataziongoza, na wote watafundisha: vipindi vya dini, Kipaimara, shule ya Jumapili na semina za wazee wa usharika. Nao watafanya hivyo kwa miaka thelathini au zaidi, wakitegemea ujuzi walioupata chuoni katika miaka michache.

Kwa nini cheti hakitoshi

Tuanze na mfano mdogo. Mwanafunzi wa darasa la tatu anapewa hesabu hii: 52 kutoa 38. Anaandika 26. Mwalimu anapiga mkasi kwa kalamu nyekundu, anaandika jibu sahihi, yaani 14, na kuendelea na daftari la pili. Daftari hilo nalo lina 26, na la tano, na la kumi na moja.

Mwalimu huyu anajua kutoa. Hakuna shaka juu ya hilo. Lakini hajauliza 26 imetoka wapi. Mtoto amechukua 5 akatoa 3, akapata 2. Kisha katika mamoja ameona 2 juu na 8 chini, na kwa kuwa amefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kidogo hutolewa kwenye kikubwa, amechukua 8 akatoa 2, akapata 6. Hakufanya ovyo. Alifuata kanuni, ila ni kanuni isiyofaa mahali pale, na ataifuata tena kesho hata kama daftari lake litajaa mikasi. Mwalimu anayeifahamu kanuni hiyo atachukua vijiti 52 vilivyofungwa katika mafungu ya kumi kumi, atafungua fungu moja mbele ya darasa, na tatizo litaanza kuondoka. Asiyeifahamu atasema watoto wa siku hizi ni wazito.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliupa ujuzi wa namna hii mahali pake katika taaluma ya ualimu. Alionyesha kwamba kujua somo ni jambo moja, kujua kanuni za jumla za kufundisha ni jambo jingine, na kwamba baina yake upo ujuzi wa tatu: kujua jinsi somo hili hasa linavyoeleweka na jinsi linavyokosewa na wanaojifunza. Ujuzi huu wa tatu haupatikani wote chuoni, maana chuoni hakuna madaftari arobaini yenye 26. Hupatikana kazini. Lakini kazini nako haupatikani kwa kukaa tu. Mtu aweza kufundisha miaka ishirini na kuwa amefundisha mwaka mmoja mara ishirini.

Njia tuliyopitia

Nchi yetu imekuwa na historia ndefu ya kuwafundisha walimu wakiwa kazini, mara nyingi kwa kulazimishwa na mahitaji. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, ambayo awali ilitazamiwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Watoto walikuwapo, na madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu hawakuwapo. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Kwa hiyo tangu 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini, wakapewa masomo kwa njia ya posta na redio, wakawa na wakufunzi wa kuwaelekeza, na wakati huo huo wakaingia darasani kufundisha. Zaidi ya walimu 30,000 walipatikana kwa njia hiyo katika miaka michache.

Watu waliwaita walimu wa UPE, na mara nyingi walilisema jina hilo kwa dharau. Sisi tulifundishwa na mmoja wao. Alikuwa akija darasani na kijitabu chake cha masomo ya posta mkononi, na hakuficha kwamba naye alikuwa akisoma. Hatukumbuki kuona aibu kwa ajili yake. Tunachokumbuka ni kwamba alipokosea mahali fulani katika sehemu, alirudi siku ya pili, akatuambia amemwuliza mwalimu mwenzake, akafuta ubao na kuanza upya. Miaka mingi imepita nasi tumefundishwa na madaktari wa falsafa, ila si wote waliowahi kufuta ubao namna ile.

Hali kama hiyo ilirudi baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002. Mafunzo ya ualimu yalipangwa upya, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka upesi katika muongo huo huo, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa kufundisha. Watani wakawaita "vodafasta", kwa jina la huduma ya kuongeza muda wa maongezi katika simu. Kisha kuanzia 2014, kwa mpango uliojulikana kwa kifupi kama LANES, walimu wa madarasa ya awali walipewa mafunzo ya kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ili uweke mkazo katika hizo KKK tatu.

Tukiyatazama yote haya tunaona kwamba kila wimbi la wanafunzi lilileta wimbi la walimu waliopikwa haraka, na kila mara jibu lilikuwa semina.

Semina na udhaifu wake

Hatupendi kuidharau semina. Tumezihudhuria nyingi na kuziendesha kadhaa. Lakini ni lazima tuseme wazi jinsi inavyofanya kazi. Wataalamu wachache hufundishwa makao makuu kwa majuma mawili. Hao huwafundisha wengine mkoani kwa juma moja. Wale wa mkoani huwafundisha wa wilayani kwa siku tatu, na wa wilayani hukutana na walimu wenyewe kwa siku moja, pengine nusu ya siku kwa sababu mgeni rasmi amechelewa. Kila ngazi maji hupungua, na wa bondeni hupata tope. Jambo lililokuwa hai makao makuu, kwa mfano kuwapa wanafunzi nafasi ya kujaribu kabla ya kuelezwa, hufika shuleni likiwa neno "ushirikishwaji" katika andalio la somo, na halijabadilisha kitu darasani.

Kenya walipitia jambo hili na wakajifunza. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, walianzisha mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, maarufu kwa jina la SMASSE. Nao ulikuwa wa ngazi kwa ngazi, lakini kiini chake kilikuwa duara la hatua nne: kupanga somo, kulifundisha, kulitazama, kulirekebisha. Mwalimu alitakiwa kutumia vitu vilivyopo, na kuwafanya wanafunzi watende jaribio badala ya kulitazama ubaoni. Zambia, tangu 2005, iliuchukua moyo wa mpango wa namna hiyo na kuupeleka moja kwa moja ndani ya shule, walimu wa somo moja wakakutana kwa zamu kutayarisha na kutazama somo la mwenzao.

Duara hilo asili yake ni Japani, ambako kwa zaidi ya miaka mia moja walimu wamekuwa na desturi ya kulifanyia somo utafiti. Walimu wachache huchagua somo moja linalowasumbua. Hulitayarisha pamoja, pengine kwa majuma kadhaa, wakibishana hata juu ya namba gani itumike katika mfano wa kwanza. Mmoja wao hulifundisha, na wengine husimama ubavuni mwa darasa wakiwatazama wanafunzi. Tunaomba msomaji azingatie hilo: huwatazama wanafunzi zaidi kuliko mwalimu. Kisha hukaa kuzungumza juu ya yale waliyoyaona. Kwa kuwa somo lilitayarishwa na wote, likianguka limeanguka la wote, na aliyesimama ubaoni hana sababu ya kujitetea.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kutazamwa na kukaguliwa. Mkaguzi, ambaye siku hizi huitwa mthibiti ubora wa shule, anayo kazi yake halali, wala hatutaki iondolewe. Lakini mwalimu akisikia gari lake getini hutoa andalio la somo lililo safi kabisa na kufundisha somo ambalo wanafunzi wamelisikia tayari. Kila aliyefundisha anajua hivyo. Mtu haonyeshi jeraha lake kwa yule anayeandika taarifa.

Jumuiya ya kujifunza

Mwaka 2020 ulitolewa mfumo wa taifa wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wanaufahamu kwa jina la MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania imepewa sehemu kubwa ya kuuendeleza na kutayarisha moduli zake. Ndani ya mfumo huu shule yenyewe ndiyo mahali pa kwanza pa mafunzo. Walimu wa shule moja huunda jumuiya ya kujifunza na kukutana kwa ratiba waliyojipangia, mmoja wao akiwa mwezeshaji. Juu ya shule upo ushirikiano wa shule za kata moja, ambazo walimu wake huweza kukutana katika kituo cha walimu. Vituo hivyo vingi vilijengwa zamani, na baadhi yake vilikuwa vimegeuka ghala za madawati mabovu.

Neno jumuiya halikuchaguliwa ovyo. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu kilichobadilisha fikra za wengi juu ya kujifunza, na sehemu muhimu ya ushahidi wao ilitoka Afrika, kwa mafundi cherehani wa Liberia. Lave aliona kwamba kijana anayejifunza ushonaji hakuanza na kupima na kukata kitambaa. Alianza mwisho wa kazi: kushona vifungo, kupiga pindo, kunyoosha nguo kwa pasi. Hivyo aliifahamu nguo nzima kabla hajaguswa na hatari ya kuharibu kitambaa cha mteja. Kisha akaingia katika kushona, na mwisho kabisa katika kukata. Hakukuwa na mihadhara mingi. Kulikuwa na watu waliofanya kazi moja mahali pamoja, wakubwa na wadogo, na mdogo akisogea polepole kutoka pembeni hadi katikati.

Ualimu kwa bahati mbaya umepangwa kinyume cha karakana hiyo. Mwalimu mpya hukabidhiwa kitambaa chote siku ya kwanza, chumba kikafungwa, akaambiwa akate. Tena mara nyingi hupewa darasa lililo gumu kuliko yote, kwa sababu wakongwe wamekwisha kuchagua yao.

Jumuiya ya kujifunza ikiendeshwa vizuri hufanana na karakana. Tulipata nafasi ya kukaa katika mkutano mmoja wa namna hiyo katika shule ya msingi iliyo jirani na usharika tunaouhudumia. Walikuwa walimu tisa katika darasa tupu saa nane mchana. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo, alisema bila kuzunguka kwamba watoto wake wanasoma ukurasa wote wa kitabu vizuri sana, lakini akiwafunika mstari wa juu wanapotea. Kumbe walikuwa wameukariri kwa masikio. Mwenzake wa darasa la pili alicheka, akasema wa kwake wako hivyo hivyo na hakuwa amethubutu kusema. Wakaanza kutafuta njia. Mmoja alipendekeza kukata silabi katika vipande vya karatasi na kuzichanganya, ili "ba" isije daima mbele ya "be". Mwingine alikumbusha kwamba tatizo kubwa liko kwenye "mbw" na "nyw" na "ng'", ambazo kitabu kinazipitia haraka. Waliagana wajaribu kwa majuma mawili na kuleta habari. Hakuna aliyelipwa posho. Kulikuwa na chai ya rangi.

Hatusemi kwamba kila jumuiya iko hivyo. Zipo zinazokutana katika karatasi tu: mahudhurio yamesainiwa, picha imepigwa na kupelekwa ngazi ya juu, na moduli imesomwa kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho huku watu wakisahihisha madaftari chini ya meza. Darasa lenye watoto mia na zaidi humchosha mwalimu kiasi kwamba mkutano wa saa nane ni mzigo juu ya mzigo, na ni rahisi kwetu tusiobeba mzigo huo kumwita mvivu. Zaidi ya hayo, mahali ambapo mwalimu mkuu hujibu kila swali mwenyewe, walimu watakaa kimya hata kama ratiba inasema wanajifunza. Ukuu na ukweli si rahisi kukaa katika chumba kimoja.

Siku hizi kuna pia makundi ya walimu katika simu, ambayo kwa mwalimu wa fizikia aliye peke yake katika shule nzima yanaweza kuwa karakana pekee aliyo nayo. Tumeonyeshwa kundi moja ambamo mtu alituma picha ya swali la mtihani saa tatu usiku na kupata njia nne za kulifundisha kabla ya kulala. Pia tumeonyeshwa makundi ambayo hayana kitu ila matangazo ya vikao na rambirambi.

Nani alipe? Swali hili halikwepeki. Kenya mwaka 2021 tume ya kuajiri walimu ilizindua utaratibu wa mafunzo endelevu ambao ulimtaka kila mwalimu alipe shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na malalamiko yakawa makubwa. Kwa maoni yetu malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Kanisa likimtuma mchungaji katika mafunzo halimpelekei hati ya madai. Lakini tuna wajibu wa kusema pia kwamba sehemu iliyo bora ya mafunzo haya, yaani kukaa na mwenzako na kutazama madaftari, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji muda, nasi tulijifunza kwa aibu kwamba muda ni mgumu kutoa kuliko fedha.

Kanisa na mwalimu wake

Wasomaji wetu wanajua kwamba Katekisimo Ndogo ilitolewa mwaka 1529. Pengine hatukumbuki daima ilizaliwa wapi. Ilizaliwa katika safari za ukaguzi wa sharika za Saksonia. Mwaka 1528 Melanchthon aliandika mwongozo kwa ajili ya wakaguzi hao, na sehemu yake ya mwisho ilihusu shule na jinsi ya kuwagawa watoto katika makundi matatu kwa kadiri ya maendeleo yao. Luther naye alikwenda kukagua, na katika dibaji ya Katekisimo Ndogo anaeleza kwa uchungu ujinga aliouona vijijini, na jinsi wachungaji wengi walivyokuwa hawafai kufundisha.

Angeweza kuishia kwenye kuwakemea, na kwa kweli aliwakemea. Lakini akawapa chombo. Katika dibaji hiyo hiyo anawaelekeza jinsi ya kufundisha: wachague maneno ya namna moja na kuyashika mwaka hadi mwaka, maana wajinga na watoto huchanganyikiwa maneno yakibadilika, wakishayajua, ndipo wafundishwe maana yake, na baada ya hapo waendelezwe kwa Katekisimo Kubwa. Kwa lugha ya leo tungesema alitoa kiongozi cha mwalimu pamoja na mbinu zake, kwa ajili ya watumishi waliokuwa kazini tayari. Tunaifundisha Katekisimo kwa watoto wa Kipaimara na kusahau kwamba iliwalenga kwanza wale waliosimama mbele ya watoto.

Hapa kwetu wachungaji wengi wa rika letu walikua wakiona shule kuwa kazi ya Serikali. Kulikuwa na sababu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule zilizokuwa za makanisa ziliingia mikononi mwa Serikali, na kizazi kizima cha watumishi wa Kanisa hakikuwa na shule ya kuiongoza. Mambo yamebadilika. Tangu Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ilipoundwa mwaka 1992, na kabla ya hapo kwa juhudi za dayosisi mbalimbali, Kanisa limerudi katika elimu, hasa ya sekondari. Tumejenga madarasa na mabweni. Tumechimba visima. Tukiulizwa tumefanya nini kwa ajili ya ujuzi wa mwalimu baada ya siku aliyoajiriwa, wengi wetu tutaonyesha tena mabweni.

Tunaandika hivi kwa sababu tuna deni. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika bodi ya shule moja ya sekondari ya Kanisa. Mkuu wa shule aliomba kwamba kila Jumatano vipindi viwili vya mwisho, yaani dakika 80, vitumike kwa walimu kukutana kwa masomo yao: wa hisabati na sayansi pamoja, wa lugha pamoja. Alieleza hasa shida ya kidato cha kwanza, ambako watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka yote hukutana na Kiingereza katika kila somo, na kila mwalimu hupambana na shida hiyo peke yake kwa njia yake. Bodi ilikataa, nasi tulisema kati ya waliokataa. Tulisema wazazi wanalipa ada ili watoto wafundishwe, na kwamba mwalimu aliyehitimu hapaswi kuonekana akijifunza kazi anayolipwa. Badala yake tukapitisha fedha za semina ya siku mbili, mwezeshaji akaitwa kutoka mjini. Sisi ndio tulioifungua kwa neno la Mungu, na ndio tuliogawa vyeti. Muhula uliofuata tulimwuliza mwalimu mmoja anakumbuka nini katika semina ile. Alifikiri kidogo, akasema, "Wali ulikuwa mzuri, Mchungaji."

Mwaka huo huo kijana aliyefundisha hisabati aliacha kazi. Alikuwa amekaa kwetu miaka miwili. Tulidhani amefuata mshahara wa Serikali, na ilikuwa kweli kwa sehemu. Lakini alipokuja kuaga alitwambia neno ambalo hatujalisahau: kwamba katika miaka yote miwili hakuna mtu mzima aliyewahi kuingia darasani mwake wakati akifundisha, ila karani wa fedha aliyekuja na orodha ya kuwatoa nje wadaiwa wa ada. Alisema hajui hata leo kama alikuwa akifundisha vizuri au vibaya.

Katika chuo chetu wenyewe

Itakuwa unafiki kuwaandikia haya wenye shule na kunyamaza juu yetu. Mhadhiri wa theolojia hutahiniwa kwa ukali kabla ya kupata shahada, na tangu siku hiyo hakuna anayemtazama tena akifundisha. Wanafunzi humjadili bwenini, lakini habari hizo hazimfikii. Mchungaji yuko vivyo hivyo: husikilizwa kila Jumapili na watu mia tatu, na akitoka mlangoni wote humshika mkono na kusema "ubarikiwe, Mchungaji".

Mwaka jana wachache wetu tulipatana kutembeleana darasani, wawili wawili, bila taarifa kwa mtu yeyote na bila fomu. Sharti lilikuwa moja, kwamba mgeni aandike anayoyaona tu, asiandike anayoyafikiria. Mzee zaidi alitakiwa atazamwe kwanza, na kura hiyo ilituangukia sisi. Aliyekuja ni mwenzetu aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu. Somo lilikuwa Waraka kwa Wagalatia, sura ya tatu, ambalo tumelifundisha miaka kumi na minne na kulidhani kuwa ndilo somo letu bora.

Jioni alikuja na kijikaratasi. Alikuwa amehesabu maswali tuliyowauliza wanafunzi: 23. Kisha kwa heshima nyingi, akitanguliza "shikamoo" ya pili ambayo haikuwa ya lazima, alitwambia kwamba kati ya hayo 23 tulijibu wenyewe 19, mengi yakiwa kabla mwanafunzi hajapata kuinua mkono. Tulibisha. Akatusomea maswali yenyewe, moja baada ya jingine, na dakika ya kila moja.

Juma lililofuata tuliuliza maswali sita tu, na baada ya kila swali tulinyamaza. Ukimya wa kwanza ulikuwa mrefu hata mwanafunzi mmoja wa nyuma akadhani tumesahau somo, akatukumbusha aya. Swali la nne lilijibiwa na dada mmoja ambaye tangu mwanzo wa mwaka hatukuwa tumeisikia sauti yake. Aliuliza kwanza iwapo torati katika sura ile ni mlezi kwa namna ya mzazi au kwa namna ya mtumwa wa nyumbani anayempeleka mtoto shuleni, maana kwao neno mlezi lina maana ya kwanza tu. Tuliandika swali lake ubaoni na kengele ikalia kabla hatujalimaliza. Zamu ya mwenzetu kutazamwa ni Jumatano ijayo.